Sikukuu ya Mavuno na Jirani Asiyevuna



Huko Uingereza, ambako Kanisa letu la Kianglikana lina chimbuko lake, mwezi wa Septemba ndio mwanzo wa majira ya majani kupukutika. Ngano imekwisha kuingia ghalani, joto linapungua, na mkulima hupata nafasi ya kunyoosha mgongo kabla ya baridi kali. Kwa sababu hiyo, tangu zamani Septemba na Oktoba huko ni miezi ya magulio na sikukuu. Mjini Oxford, Jumatatu na Jumanne zinazofuata Jumapili ya kwanza baada ya tarehe 1 Septemba, barabara pana ya Mt. Giles hufungwa, ikajaa bembea, vibanda vya vyakula na vicheko vya watoto. Mjini Nottingham kuna Gulio la Mabata Bukini, ambalo chanzo chake hutafutwa katika hati ya Mfalme Edward wa Kwanza ya mwaka 1284. Zamani mabata hao waliswagwa kwa miguu kutoka Lincolnshire na Norfolk mpaka sokoni. Siku hizi bata amebaki katika jina tu, na watu huenda kufurahi.

Magulio mengi ya namna hii yalizaliwa mlangoni pa kanisa. Lile la Oxford lilitokana na sikukuu ya mtaa wa Mt. Giles. Gulio la Mt. Bartholomayo mjini London lilipewa hati na Mfalme Henry wa Kwanza mwaka 1133, ili mapato yake yasaidie nyumba ya watawa iliyoitwa kwa jina la mtakatifu huyo. Lilidumu zaidi ya miaka 700. Lakini kadiri miaka ilivyopita, ulevi, wizi na fujo vilizidi ndani yake, na mwaka 1855 likakomeshwa.

Habari hizi zatufaa sisi, kwa sababu nasi tunayo Sikukuu ya Mavuno, nasi pia twafurahi. Yafaa tujiulize: je, furaha ya sikukuu ni jambo la Mungu, au ni jambo la dunia lililovikwa kanzu? Na kama ni jambo la Mungu, ni furaha ya nani? Wengi wetu hulijibu swali la kwanza kwa kutazama ulevi, na hawakosei. Lakini swali la pili twaliona kuwa zito zaidi. Sikukuu yaweza kupita pasipo tone la pombe, kwaya zikaimba vizuri, na bado ikamwumiza mtu.

Tazameni tarehe 29 Septemba, Sikukuu ya Mt. Mikaeli na Malaika Wote. Kwa karne nyingi Waingereza wenye uwezo walikula bata bukini aliyenona siku hiyo. Lakini siku hiyohiyo ilikuwa mojawapo ya siku nne za mwaka za kulipa kodi ya nyumba na ardhi, tena majira hayo watumishi wa mashambani waliajiriwa au kubadilisha mabwana. Basi kengele moja ya kanisa ilisikiwa na watu wawili, mmoja akiwaza mchuzi wa bata, mwingine akiwaza atalipa nini. Na wote wawili walikuwa wamebatizwa.

Sikukuu ya Mavuno kama tuijuavyo haina umri mkubwa kama magulio hayo. Desturi yake ya sasa huhesabiwa tangu Jumapili ya tarehe 1 Oktoba 1843, wakati Padre Robert Stephen Hawker wa Morwenstow, kijiji cha pwani ya Cornwall, alipowaalika waumini wake kumshukuru Mungu, na mkate wa Ushirika Mtakatifu ukafanywa kwa ngano mpya. Kabla ya hapo mwisho wa mavuno ulishangiliwa zaidi shambani na kwa mwenye shamba, kwa chakula na pombe nyingi. Desturi ya kushukuru kanisani ilienea upesi, na mwaka 1862 baraza la makasisi wa Jimbo la Canterbury likatoa utaratibu wa ibada yake. Ikafika kwetu pamoja na Kanisa.

Majira yetu si yao. Septemba, katika sehemu nyingi za bara zenye msimu mmoja wa mvua, mahindi na mtama vimekwisha vunwa miezi kadhaa iliyopita, na mkulima anatazama mawingu. Kwa hiyo kila mtaa huweka sikukuu kwa kufuata mashamba yake, na hilo ni jema. Twajua sote inavyokuwa. Watu huja kwa maandamano wakiimba, wamebeba vikapu vya mahindi, mikungu ya ndizi, maboga, miwa, kuku waliofungwa miguu, na mbuzi anayevutwa kwa kamba. Madhabahu hupambwa. Baada ya ibada mnada hupigwa uwanjani. Yai moja la mjane hununuliwa, likarudishwa, likanadiwa tena, mpaka bei yake ikapita bei ya kuku, na watu wote wakapiga makofi.

Hatuusemi vibaya mnada. Yai lile laweza kuleta shilingi nyingi kuliko debe la mahindi, na mama aliyelileta huinua uso wake mbele ya watu. Paa nyingi za makanisa yetu zilipatikana hivyo. Lakini kuna mtu mmoja ambaye mnada haumfikii. Ni yule asiye na yai. Mvua ilimkatikia, au kwelea kwelea walimaliza mtama wake, au aliugua wakati wa palizi. Hakuleta kitu, wala hana fedha ya kununua. Amesimama pembeni kama mtu atazamaye harusi ya wengine. Na mara nyingine hasimami hata hapo, amebaki nyumbani kwa aibu, na sisi twasema, "Fulani siku hizi amepoa katika imani."

Hapo ndipo swali linapotukaza. Tunapoimba kwamba Mungu ametupa mavuno, jirani huyu asikie nini? Je, Mungu alimnyima? Rafiki zake Ayubu wangejibu upesi kwamba ana dhambi iliyofichika, na Mungu aliwakemea kwa maneno yao. Bwana wetu naye alifundisha kwamba Baba hunyesha mvua juu ya wenye haki na wasio haki (Mathayo 5). Basi ghala iliyojaa haiwezi kuwa cheti cha wema wetu, wala ghala tupu kuwa hukumu. Tukishukuru kana kwamba tumelipwa mshahara tuliostahili, tumekwisha kumhukumu jirani pasipo kumtaja jina.

Maandiko yana njia nyingine. Sikukuu ya Vibanda ya Waisraeli iliwekwa mwezi wa saba, tarehe 15, ambao kwa hesabu yetu ni Septemba au Oktoba, baada ya kukusanya nafaka na zabibu. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 16, Mungu anaagiza watu wafurahi, kisha anawataja watakaofurahi mmoja mmoja: mwana na binti, mtumwa na mjakazi, Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Wengi kati ya hao hawakuwa na shamba. Walawi hawakupewa urithi wa nchi, na mgeni, yatima na mjane walitegemea masazo ya mashamba ya wengine. Watu wasiovuna wametajwa katika amri ya sikukuu ya kuvuna.

Huenda mtu akauliza: furaha yawezaje kuamriwa? Moyo haulazimishwi. Ni kweli, mtu hawezi kuamriwa asikie raha. Lakini aweza kuamriwa kuandaa meza, kumwita mgeni, kumpa mtumishi mapumziko. Twadhani amri ya furaha ndiyo hiyo. Mungu hakumwagiza mjane atabasamu. Aliwaagiza wenye mashamba waiandae sikukuu hata mjane naye apate la kufurahia. Hivyo furaha ya sikukuu ni deni, na mwenye kudaiwa ni yule aliyevuna. Katika Nehemia, sura ya 8, mwezi huohuo wa saba, watu waliambiwa waende wakale vinono na kunywa vitamu, na papo hapo wakaambiwa wawapelekee sehemu wale wasioandaliwa kitu. Hawakuambiwa wangoje mpaka wao washibe.

Wako wasemao, "Basi tuache sikukuu, fedha yote wapewe maskini." Neno hili lina sauti ya utakatifu, lakini tukumbuke ni nani aliyelisema Bethania juu ya marhamu ya Mariamu (Yohana 12). Maskini anahitaji unga, naye pia anahitaji kuimba pamoja na watu, kula nyama siku moja, na mtoto wake apate pipi. Tukimpa unga peke yake na kumwondolea ngoma, tumemfanya kuwa tumbo tu.

Wako pia wasemao, "Mvivu naye ale?" Wavivu wako, na Mt. Paulo aliwaonya Wathesalonike waziwazi. Lakini mlangoni pa sikukuu si mahali pa kuendesha kesi. Mwenye shamba aliyeamriwa asivune mpaka pembeni (Mambo ya Walawi 19) hakuambiwa kwanza apeleleze ni nani atakayekuja kuokota. Ruthu angeulizwa sana, pengine asingefika katika shamba la Boazi.

Kuna neno lingine la kuangalia. Mwisho wa kitabu chake nabii Habakuki anasema kwamba hata mtini usipochanua na zizi likiwa tupu, yeye atamfurahia Bwana. Ni neno kuu la imani. Lakini ni la nani kulisema? Ni lake yeye ambaye zizi lake ni tupu. Akilisema mwenyewe, sote tunyamaze tujifunze kwake. Mwenye ng'ombe kumi akienda kumsomea mwenye zizi tupu, neno lilelile lageuka kuwa kisingizio cha kutomsaidia. Wazee wetu walijua: mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Basi tufanye nini? Tunatoa mashauri machache, na wazee wa kanisa watazame lipi lafaa hapa kwetu. Kwanza, wiki moja kabla ya sikukuu, Umoja wa Mama na wazee wa kila kanisa wapite kimya kimya nyumba zilizokosa mavuno, wapeleke kikapu, ili hata nyumba hizo ziwe na kitu cha kuleta zikipenda. Pili, sehemu ya vyakula isinadiwe. Ipikwe, nasi tule pamoja uwanjani, wenye vyeo na wasio na vyeo katika masinia yaleyale, tusije tukafanana na Wakorintho, ambao mmoja alishiba na mwingine akaona njaa. Tatu, majina na kiasi cha fedha visisomwe kwa kipaza sauti. Nne, watoto wasiotoka katika nyumba zenye mavuno wabebe vikapu mbele katika maandamano. Huko Uingereza nako mitaa mingi siku hizi hupamba kanisa kwa mikebe na vyakula vikavu, kisha hupelekwa kwa wahitaji. Nao wamejifunza kwamba maboga mazuri madhabahuni hayatoshi.

Kila mwaka tarehe 8 Agosti taifa letu huonyesha katika Nane Nane mahindi makubwa na ng'ombe wanono, na ni haki kumsifu mkulima hodari. Kanisa nalo lina maonyesho yake. Sikukuu ya Mavuno itakapofika, tusihesabu tu magunia na fedha za mnada. Tumtafute yule ambaye mwaka huu hakuvuna. Tukimwona ameketi nasi, anakula, anaimba, wala hakuna anayemwuliza alileta nini, ndipo tujue kwamba tumeshukuru.

Mungu aibariki kazi ya mikono yetu, na atupe mioyo ya kugawana. Amina.