Kunyamazisha Onyo

Msomaji, huko Uingereza wako watu waundao motokaa nyumbani kwa mikono yao, wakatia ndani yake injini ya pikipiki. Pengine injini huwaka vizuri, lakini mara gia itiwapo huzimika. Mwenye pupa huilaumu injini. Mwenye subira hufuata waya mmoja baada ya mwingine, mpaka akafika kwenye swichi ya stendi. Pikipiki nyingi hukataa kwenda hali stendi iko chini. Na motokaa haina stendi. Basi fundi huunga waya, injini ikaamini kuwa stendi imepandishwa. Je, huo ni udanganyifu? La, maana hatari iliyozuiwa haipo tena.

Lakini pikipiki nyingi zina mlinzi wa pili, azimaye injini chombo kiangukapo. Huyu naye akisumbua, fundi hushawishika kumziba mdomo. Hapo ndipo penye kosa, kwani motokaa nayo hupinduka, na petroli ikimwagika huweza kuwaka.

Nafsi yako pia ina walinzi. Kabla hujamnyamazisha mmoja wao, jiulize: hatari aliyowekwa kuizuia imekwisha, au ni mimi niliyechoka kuonywa?