Jani Kavu na Mikono Isiyo na Kazi



Kijana mwenzangu, leo twende Kidahwe. Kwa ambao hamjafika Kigoma, Kidahwe ni pale njia panda: ukitoka Kigoma mjini, barabara inagawanyika, moja inakwenda Kasulu, nyingine Uvinza. Ni nchi ya michikichi. Watu wakivuna chikichi ili wakamue mawese, wanakata pia yale makuti ya chini yaliyozeeka. Mengi yanabaki chini mpaka yakauke, mengine yanachomwa moto. Na wapo wanaoyaokota, wakachambua majani kwa kisu wakabaki na kile kijiti cha katikati, wakakianika, wakafunga ufagio wa chelewa. Ule ule unaofagilia uani kwenu kila asubuhi.

Kijana mmoja wa huko anafanya kazi hiyo. Alimaliza kidato cha nne, akazunguka kutafuta ajira, hakupata. Sasa anatengeneza fagio, na msimu mwingine anasuka vikapu vya ukindu na mama yake. Wenzake aliosoma nao wanamcheka. Aliniambia, "Ndugu, mimi mwenyewe nimekuwa kama hilo jani. Limeanguka, basi." Jumuiya ameacha kwenda, maana ikifika sadaka anaona aibu. Halafu akauliza swali ambalo limenikaa moyoni wiki nzima: "Hivi kazi kama hii Mungu anaihesabu kweli?"

Sikumjibu haraka. Jibu la haraka kwa mtu aliyekata tamaa mara nyingi ni kelele tu.

Nilianza na Biblia. Je, unajua kazi ya mikono ya kwanza kabisa inayotajwa katika Maandiko ni ya majani? Mwanzo sura ya 3. Adamu na Eva wanagundua wako uchi, wanachukua majani ya mtini, wanashona. Sijawahi kusikia mtu akihubiri juu ya ufundi ule, lakini upo. Ila angalia walishona kwa ajili gani: kujificha. Walishona wakiwa na hofu, na Mungu alipokuja bustanini wakakimbilia kwenye miti. Mavazi yale hayakuwatosha, mwishoni mwa sura ile ile Mungu mwenyewe anawavika mengine.

Sasa ruka karne nyingi, nenda jangwa la Misri. Mtakatifu Yeronimo aliandika habari za Paulo wa Thebe, mkaapweke ambaye sikukuu yake ni tarehe 15 Januari. Anasema Paulo alivaa vazi alilolisuka mwenyewe kwa majani ya mtende. Alipokufa, Mtakatifu Antoni alilichukua lile vazi akalitunza, na akawa analivaa siku kuu mbili tu: Pasaka na Pentekoste. Yaani nguo ya majani makavu ikawa nguo ya sherehe! Edeni majani yalifunika aibu. Huku yamevaliwa kumshangilia Mfufuka. Majani ni majani. Kilichobadilika ni moyo wa aliyeyashika.

Na huyu Antoni tunamhitaji sana vijana. Alikuwa na miaka kama 18 au 20 wazazi wake walipofariki. Akasikia Injili ya yule tajiri aliyeambiwa auze alivyo navyo, akafanya hivyo hivyo, akaenda jangwani. Unadhani huko alikuwa anaelea kwa furaha? Hapana. Alichoka. Mababa wa jangwani walikuwa na jina la uchovu ule: uvivu wa roho, ile hali ya kuona siku haiishi, sala haina ladha, na kila kitu ni bure. Si unaijua? Ile ya kulala saa nne asubuhi huku simu iko mkononi.

Masimulizi ya mababa yanasema Antoni alimlilia Mungu katika hali hiyo: anataka kuokoka lakini mawazo hayamwachi. Akatoka nje, akaona mtu anayefanana naye ameketi anasokota kamba. Anasokota, anasimama anasali. Anaketi tena, anasokota, anasimama anasali. Alikuwa malaika, na akamwambia afanye hivyo, ataokoka. Basi. Hakupewa maono ya mbingu kufunguka. Alionyeshwa mtu mwenye kamba mikononi.

Ndugu yangu wa Kidahwe, ukiwa umekaa chini ya mchikichi na kisu chako, jani moja baada ya jingine, upo hapo hapo alipokuwa Antoni. Mkono unajua njia yake, kichwa kiko huru. Unaweza kukijaza matusi ya wanaokucheka, au unaweza kumwita Yesu kwa jina kila unapotoa kijiti kimoja. Fagio moja ina vijiti vingi mno, hesabu mwenyewe ni sala ngapi.

Kuna mwingine bado, na huyu ndiye aliyenigusa zaidi. Yohane Kasiano anamtaja mkaapweke aitwaye Paulo (siye yule wa kwanza) aliyeishi mbali mno na miji, mwendo wa siku saba au zaidi. Chakula alikuwa nacho, tende na kibustani. Kuuza kazi zake hakuweza, kwa sababu nauli ingezidi bei ya mzigo. Hili watu wa Kigoma wanalielewa bila kuelezwa! Lakini alikusanya majani ya mitende na kujiwekea kipimo cha kazi kila siku kama mtu anayedaiwa. Mwaka ukiisha, pango limejaa, anachoma vyote moto. Halafu anaanza upya. Kwa nini? Kwa sababu aliona kwamba bila kazi ya mikono moyo wake hautatulia wala kutakasika.

Usinielewe vibaya. Sisemi uchome fagio zako, wala sisemi uziuze bei ya kutupa ili uonekane mnyenyekevu. Bwana alisema mtenda kazi anastahili ujira wake, na Mtume Paulo alishona mahema akala jasho lake. Pigania bei nzuri. Ninachosema ni kwamba siku ambayo mnunuzi hakuja, kazi yako haikuwa bure mbele za Mungu. Tayari imefanya kitu ndani yako.

Lakini basi iwe kazi ya kweli. Wewe unajua na mimi najua: wapo wanaoweka chelewa ndefu, ngumu, pembeni, na katikati wanajaza mabaki mafupi. Au wanafunga zikiwa mbichi ili wawahi soko, kisha zikikauka zinasinyaa, kamba inalegea, na mama wa watu anabaki anaokota njiti uani. Ule ni wizi, hata kama ni wa shilingi chache. Uungame.

Na usiokote kila kitu. Katika kitabu cha Walawi, sura ya 19, Mungu anawakataza Waisraeli kuvuna mpaka ukingo wa shamba, wawaachie maskini na wageni. Naona ardhi nayo ni maskini mmojawapo. Majani yakiozea chini ya mchikichi yanarudisha rutuba na kuhifadhi unyevu. Tangu 2018 Kigoma imehimizwa upya kupanda michikichi, na kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kinazalisha miche. Itakuwa ajabu tupande upande huu na kuichosha ardhi upande ule. Chukua ya kazi, mengine yaache yalale. Papa Fransisko katika Laudato Si' ya mwaka 2015 alilalamikia utamaduni wa kutupa, unaotupa vitu na kisha watu. Mchoma majani na mcheka fagio ni majirani kabisa.

Kuhusu kuwa "jani lililoanguka": Isaya sura ya 64 anakiri kwamba sote tunanyauka kama jani. Sote, pamoja na wale wenye ajira. Na mistari miwili tu mbele anamwita Mungu mfinyanzi na sisi udongo wake. Nabii hakuishia kwenye kunyauka.

Kanisa nalo linafanya kazi ya majani makavu. Tawi lile ulilopunga Dominika ya Matawi, likiwa bado bichi, sasa limekauka pale nyuma ya msalaba. Kabla ya Jumatano ya Majivu tunalirudisha parokiani, linachomwa, na padre anatupaka majivu yake kwenye paji la uso. Ndugu yangu, mwaka huu nenda jumuiya ukawaambie wewe utazunguka nyumba kwa nyumba kukusanya matawi. Hiyo ndiyo sadaka yako. Nani anayejua majani makavu kuliko wewe?

Tusali: Bwana Yesu, uliyefanya kazi kwa mikono Nazareti miaka mingi bila mtu kukujua, kaa na kila kijana aliyeketi leo na kisu na majani yake. Mpe mnunuzi. Na asipopata mnunuzi leo, mpe wewe mwenyewe. Amina.