Safari ya Oldeani ipangwe kwa udongo, si kwa kilomita

Kila likizo inapokaribia, wapo Watanzania ambao hawataki kununua safari iliyokwisha kufungashwa. Wanataka kuendesha wenyewe au kupanda magari ya abiria, kulala Karatu, kupita Oldeani kwenye mashamba ya kahawa, kuteremka Mang'ola hadi Ziwa Eyasi, kisha kurudi juu kuiona kreta ya Ngorongoro. Nawaunga mkono kwa moyo wote. Kinachonikera ni hesabu wanayoanza nayo. Wanafungua ramani ya simu, wanaona kwamba kutoka Karatu hadi Mang'ola kilomita hazifiki 70, wanagawanya kwa mwendo wa gari, na papo hapo safari ya siku mbili inakuwa imejaa hadi dakika ya mwisho. Ratiba ya namna hiyo imeshaharibika kabla gari halijawashwa, kwa sababu imepima umbali na kusahau njia.

Lami iliyofika Lodoare, lango la kuingilia Ngorongoro, mwanzoni mwa miaka ya 2000 ndiyo iliyotuzoesha hesabu hii. Kutoka Makuyuni, kupitia Mto wa Mbu na kupanda ukingo wa Bonde la Ufa hadi Karatu, kilomita na saa zinakubaliana. Lakini pale Njiapanda, unapoiacha barabara kuu na kushika mkono wa kushoto, mapatano hayo yanakwisha. Juu, kuzunguka Oldeani, udongo ni mwekundu wa volkano, ule ule uliowavuta walowezi wa Kijerumani kufungua mashamba ya kahawa katika miaka ya 1920 na 1930. Ukikauka ni vumbi linalofunika kioo cha mbele; ukilowa ni utelezi ambao hata dereva mzoefu huupandia kwa adabu. Chini, kuelekea Eyasi, unakuta mchanga, mawe, udongo mweusi unaonata, na makorongo. Na makorongo yana tabia moja ambayo mgeni lazima aielewe: maji yake hayatoki mbingu unayoiona juu ya kichwa chako. Mlima Oldeani una mita zaidi ya 3,000 na msitu mzito. Mvua ikiupiga, maji hushuka bondeni hata kama Mang'ola kuna jua kali na vumbi. Mlima huo huo ndio unaolisha chemchemi zinazomwagilia vitunguu vya Mang'ola. Kinachomkwamisha msafiri ndicho kinachomlisha mkulima, na yeyote anayeilaani barabara ile bila kulijua hilo hajaelewa yuko wapi.

Kwa hiyo kalenda ndiyo sura ya kwanza ya mpango, na hata kalenda haitoshi. Masika ya Machi hadi Mei yanajulikana, vuli nayo inajulikana, lakini mwaka 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitahadharisha mapema juu ya vuli kubwa ya El Niño, na tarehe 3 Desemba tope la Mlima Hanang likashuka Katesh, likaua watu zaidi ya 80 na kuziba barabara. Katesh haiko mbali na nyanda hizi. Aliyekuwa amepanga safari kwa kusema tu kwamba Desemba mvua ni chache, alipanga gizani. Habari ya kuaminika ya barabara iko kwa watu wanaoipita kila siku: madereva wa Noah na wa malori ya vitunguu, vijana wa bodaboda, akina mama wanaokwenda mnadani. Waulizwe jana yake jioni, na waulizwe tena asubuhi. Wanaoizunguka Madagaska, kisiwa kinachoizidi Kenya kidogo kwa ukubwa, wanalijua jambo hili: barabara ya pwani ya mashariki kuelekea Maroantsetra huhesabiwa kwa siku na kwa vivuko vya mito, na hakuna mwenye akili anayeuliza kilomita.

Najua nitaambiwa: kwa nini mtu ajitese, wakati kampuni za safari zina magari, madereva na uzoefu? Hoja hii ina uzito. Ndani ya kreta huingii na gari lolote tu. Panatakiwa gari linalovuta magurudumu yote manne, njia ya Seneto ni ya kushuka na ya Lerai ni ya kupanda. Kuupanda Mlima Oldeani nako kunataka kibali cha Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro na askari wa kukusindikiza. Sehemu hizo, lipa wenye kazi yao. Lakini ratiba za kampuni hufuata njia inayorudisha gari kwa uhakika jioni, na ndiyo maana wageni wengi huipita Njiapanda bila hata kupunguza mwendo. Gesti ya Mang'ola, mama lishe wa Barazani na fundi wa pancha wa Oldeani wanamhitaji msafiri anayelala.

Wengine watasema mfanyakazi ana siku nne tu za likizo, hana nafasi ya kuacha siku moja tupu ya kusubiri njia ipitike. Ndiyo maana nasisitiza apunguze sehemu. Siku nne ni Karatu, Oldeani na Mang'ola, basi. Kreta ina mwaka wake mwingine. Siku tupu haijapotea. Ndiyo inayomwezesha dereva mwenye watoto nyuma kusimama ukingoni mwa korongo lenye maji, akazima gari, akasubiri au akageuza. Asiye na siku hiyo atajaribu kuvuka, kwa kuwa kesho asubuhi anatakiwa kazini.

Na wapo wanaosema tusubiri lami. Barabara ya kutoka Kolandoto kupitia Lalago na Matala hadi Njiapanda ya Oldeani imekuwa katika mipango ya serikali kwa muda mrefu, na tangu Mahakama ya Afrika Mashariki ilipoizuia mwaka 2014 barabara ya lami kukatisha kaskazini mwa Serengeti, hoja ya kupita kusini imepata nguvu zaidi. Naitaka lami hiyo, kwanza kwa ajili ya mjamzito wa Mang'ola na kwa ajili ya mkulima ambaye vitunguu vyake huoza lori likikwama. Ila itapita kwenye mstari mmoja. Njia za kuingia mashambani, za kwenda chemchemi na za kushukia ziwani zitabaki za udongo, chini ya mlima ule ule, na dereva wa lori atabaki kuwa mtu wa kwanza wa kuulizwa.