ELI ALITAZAMA KINYWA CHAKE

Somo: 1 Samweli 1:1–18



Padre aliponiomba niandike mawaidha ya mwezi huu juu ya malezi ya watoto, nilikusudia kuandika juu ya utii, maana hilo ndilo jambo ambalo mwalimu mstaafu hupenda kuwaandikia watu wengine. Lakini nimekutana na habari moja iliyonizuia, nayo ni habari ya watunzi wa vitabu huko Marekani. Naomba mnivumilie niieleze kwanza, kisha tufungue Maandiko.

Mwezi Januari mwaka 2010, katika mji wa South Hadley, jimbo la Massachusetts, msichana wa miaka 15 alijitoa uhai. Alikuwa mgeni katika shule yake, na baadhi ya wanafunzi wenzake walikuwa wakimtukana na kumsumbua. Nchi ile ilishtuka. Mwezi Mei mwaka huo huo jimbo lile likaweka sheria juu ya uonevu mashuleni. Sheria hiyo yamtaka kila mtumishi wa shule aonaye mtoto akionewa ampashe habari Mwalimu Mkuu mara moja.

Sheria ni kitu chema, lakini sheria haiwezi kufungua kinywa cha mtoto aliyenyamaza. Akina mama wawili watunzi wa hadithi za vijana, Megan Kelley Hall na Carrie Jones, walitafuta njia nyingine. Waliwaalika watunzi wenzao waandike juu ya uonevu walioujua wao wenyewe katika maisha yao. Wengi wakaitikia, na mwaka 2011 kikatoka kitabu chenye maandiko ya watunzi 70, kiitwacho Dear Bully. Jina hilo ni kama maneno ya kwanza ya barua, naye anayeandikiwa ni yule aliyekuonea.

Baadhi yao wakaenda kusimulia hadharani katika maduka ya vitabu. Huko kwao duka la vitabu si mahali pa kununua na kuondoka tu. Hupangwa viti katikati ya rafu, mtunzi akasoma kurasa chache, watu wakauliza maswali, kisha wakapanga foleni ili awatilie sahihi katika nakala zao. Kwa kawaida ni shughuli ya furaha, na ya biashara pia. Lakini safari hii mtu mwenye sifa, ambaye vitabu vyake vimejaa rafuni nyuma yake, alisimama mbele ya vijana akasema kwamba naye alipokuwa mtoto alidhihakiwa na wenzake. Bila shaka katika viti vile huwapo mtoto ambaye hajamwambia mtu yeyote, hata mama yake, naye husikia siku hiyo kwamba si yeye peke yake.

Ndugu zangu, wengi wa watunzi hao walikuwa watu wazima, wenye kazi na jamaa zao. Mmoja wao, R. L. Stine, alizaliwa mwaka 1943, basi kitabu kile kilipotoka alikuwa anakaribia miaka 70. Sisi twapenda kumwambia mtoto anayelia, "Nyamaza, utasahau." Hawa hawakusahau. Tena, si wote walioandika kama watu walioonewa. Wengine waliandika kwa majuto, kwa kuwa walisimama pembeni wakatazama, au walicheka pamoja na wenye kucheka. Nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini. Nitawaambia sababu yake, lakini kwanza twende Shilo.

Twazoea kuisoma habari ya Hana kama habari ya mwanamke tasa aliyepewa mtoto. Ni kweli. Lakini tusomapo polepole twaona kwamba Hana alikuwa na mizigo miwili. Mmoja ni utasa wake, na wa pili ni Penina. Maandiko yasema kwamba Penina alikuwa akimchokoza makusudi ili kumsikitisha, na kwamba jambo hilo lilitendeka mwaka baada ya mwaka, kila walipopanda kwenda nyumbani kwa Bwana. Angalieni vema mahali penyewe. Kumbe mtu aweza kuonewa hata njiani kwenda kusali, na mwonevu akasimama pamoja naye mbele ya madhabahu ile ile, akala sadaka ile ile. Hana akalia, asile chakula.

Mumewe Elkana alimpenda. Lakini tusikilize alivyomfariji: alimwuliza kwa nini analia, na kama yeye mumewe si bora kwake kuliko watoto kumi. Alisema kwa upendo, wala hakuna mahali tunaposoma kwamba alimkanya Penina. Wazazi wengi wema tuko hivyo. Mtoto akija na machozi twamwambia, "Si una mama? Si una baba? Unataka nini tena?" Twamtuliza huku yule anayemwumiza tumemwacha kama alivyo.

Ndipo Hana akaenda kuomba. Midomo yake ilicheza, na sauti yake haikusikika. Kuhani Eli alikuwa ameketi kitini pake penye mwimo wa hekalu, akamtazama kinywa chake, akadhani amelewa, akamkemea. Ndugu, Eli hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kazi, mzee katika kiti chake, amekwisha ona waabudu wengi. Alikitazama kinywa cha yule mwanamke, lakini hakumwuliza neno hata moja. Aliyekuja na jeraha la dhihaka akaongezewa karipio na mtumishi wa Mungu.

Sasa nitasema kwa nini nilikiweka kile kitabu chini. Mwaka 1984 nilikuwa mwalimu kijana, nimetoka chuo cha ualimu si muda mrefu. Katika darasa la nne alikuwamo mvulana mwenye kigugumizi. Wenzake walimpa jina la Pikipiki, kwa sababu alipoanza neno lilikuwa kama pikipiki inayokataa kuwaka. Nilisikia wakimwita hivyo uwanjani, nikasema moyoni kwamba ni mambo ya watoto. Chuoni tulifundishwa kuandaa masomo na kutunza nidhamu, nami nilijivunia nidhamu yangu. Siku moja, katika kipindi cha kusoma kwa sauti, zamu yake ilifika. Alisimama, akashindwa kuanza. Darasa lilikuwa limechoka, nami nilikuwa nimechoka. Nikasema, "Haya, Pikipiki, washa twende."

Darasa zima lilipasuka kwa kicheko, nami nikacheka pamoja nao. Mtoto yule akaketi. Baada ya siku hiyo alikuja shule siku moja moja, na mwaka uliofuata hakuja kabisa. Katika daftari la mahudhurio niliandika neno "mtoro", kwa wino mwekundu.

Miaka zaidi ya thelathini ikapita. Nilikuwa nimeketi msibani, katika mkeka, na mtu mmoja fundi seremala akaja akaketi karibu nami. Akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitikia, nikamwomba anikumbushe jina lake. Akanitajia jina la ubatizo wake, wala sikumkumbuka. Basi akanitajia lile jina lingine. Kikombe cha kahawa kilinitetemeka mkononi.

Kisha akasema nami. Ilimchukua muda mrefu, kwa kuwa kigugumizi chake kipo hata leo. Mara mbili nilitaka kummalizia neno, nikajizuia. Alisema hivi: "Mwalimu, wenzangu waliniita Pikipiki mwaka mzima, nami nilijua kwamba ni matusi. Uliponiita wewe, nikadhani ndilo jina langu."

Nilimwomba msamaha pale pale mkekani. Hakunijibu upesi kwamba amenisamehe, wala sikuwa na haki ya kumharakisha. Alikaa kimya. Halafu akasema, "Leo umenisikiliza mpaka nikamaliza." Tukanywa kahawa, tukaenda kuzika.

Tangu siku ile nimeisoma habari ya Eli kwa hofu, maana nami nilikuwa na kiti changu nikakitazama kinywa cha mtoto wa Mungu. Tena liko jambo jingine. Katika sura ya pili twasoma kwamba wana wa Eli, Hofni na Finehasi, walikuwa waonevu wakubwa. Mtumishi wao aliwaendea watu waliokuja kutoa sadaka, akaidai nyama mbichi, na asiyekubali alitishwa kwamba itachukuliwa kwa nguvu. Eli alisikia habari zao, akawaonya kwa maneno, lakini hakuwazuia. Na katika sura ya tatu Bwana alimhukumu kwa sababu hiyo, kwamba alijua, asiwazuie. Ni neno zito kwetu sisi wazazi, walimu, na wazee wa kanisa. Huenda tusiwe tumempiga mtoto wala kumtukana. Tutaulizwa kama tulijua.

Lakini, wapenzi, Eli anatufundisha pia njia ya kurudi. Hana alipomjibu kwa heshima kwamba hakulewa, bali alikuwa mwenye huzuni na anamimina roho yake mbele za Bwana, mzee yule hakujitetea. Hakusema, "Mimi ni kuhani, najua walevi." Alimwambia aende kwa amani, akamwombea apewe haja yake. Na sasa angalieni mstari wa kumi na nane. Hana akaenda zake, akala chakula, na uso wake haukuwa na huzuni tena. Samweli alikuwa hajazaliwa bado, wala mimba haikuwapo, na Penina alikuwa bado yuko kambini na ulimi wake. Lakini mwanamke aliyekataa kula sasa anakula, kwa kuwa amejimimina mbele za Mungu, na mtu wa Mungu amemsikia.

Nadhani hiyo ndiyo siri ya wale watunzi katika maduka ya vitabu. Walioonewa walifungua kinywa, na wakawako watu walioketi wakasikiliza. Nami nimejiuliza, ndugu zangu: kama watu wa dunia wanapanga viti kati ya rafu za biashara ili mtu aliyedhihakiwa asikilizwe, sisi wenye madhabahu, wenye Shule ya Jumapili na Umoja wa Akina Mama, tumepanga viti wapi?

Kwa hiyo nawasihi mambo matatu. Kwanza, nyumbani tuache kusema "ni utoto tu". Mtoto akikataa shule ghafula, au akirudi bila daftari zake, au asipokula, tusianze na fimbo. Tuanze na swali, kisha tungoje jibu, hata likichelewa. Pili, katika Shule ya Jumapili na katika kwaya, majina ya dhihaka yakome: ya kilema, ya ngozi, ya umaskini, ya kabila, ya mtoto asiye na baba. Kila mmoja wetu aliitwa kwa jina mbele ya maji ya ubatizo, na hakuna mtu mwenye ruhusa ya kulibadilisha kwa kicheko. Na akionekana mtoto anayewaonea wengine, tusimtupe. Tumzuie, kisha tumwulize naye, kwa kuwa mara nyingi naye ana Penina wake mahali fulani.

Tatu, neno hili ni kwetu sisi wazee. Kila Jumapili katika maungamo ya pamoja twakiri mbele za Mungu tuliyoyatenda na tuliyoacha kuyatenda. Mara ngapi tumeyasema hayo upesi upesi, kama wimbo tuliouzoea! Safari ijayo tunyamaze kidogo kabla ya kuyasema, tukumbuke uso mmoja. Na kama mwenye uso huo yu hai, na anakaa mahali tunapoweza kufika kwa miguu au kwa basi, twende. Tusiende kudai msamaha. Twende kusikiliza mpaka amalize.

Ee Bwana Yesu, uliyesimama kimya katikati ya watu waliokufunika macho na kukufanyia dhihaka, uwaangalie watoto wetu wanaochekwa leo. Uzuie midomo yetu, ufungue masikio yetu, na utusamehe sisi tuliojua tukanyamaza. Kwa ajili ya jina lako takatifu. Amina.