Nani Aliwapa Ruhusa ya Kuwafufua Mabingwa?

Novemba 2020 ilitoka gemu iitwayo Hyrule Warriors: Age of Calamity. Katika siku nne za mwanzo zaidi ya nakala milioni 3 zilikuwa zimesambazwa duniani, na haikuchukua muda baadhi ya walioinunua wakawa wamefura kwa hasira. Gemu yenyewe haikuwa mbovu. Hata waliolalamika walikiri kwamba mapigano yake ni matamu na muziki wake mzuri. Kilichowaudhi ni kwamba mna watu wanne humo ndani waliotakiwa kufa, na hawakufa.

Kwa msomaji asiyecheza gemu nieleze kidogo, maana bila hapo ugomvi wenyewe hauna maana. The Legend of Zelda ni mfululizo wa Kijapani ulioanza mwaka 1986. Mwaka 2017 ulitoa Breath of the Wild, gemu ambayo wengi wanaihesabu kati ya zilizo bora kupata kutengenezwa. Unaamka ukiwa Link, shujaa aliyelala miaka 100. Ufalme umekwisha. Mabingwa wanne waliokuwa wenzako, Mipha, Daruk, Revali na Urbosa, walikufa siku ile adui alipoangusha kila kitu. Unazunguka kwenye magofu, unakumbuka kipande hiki leo na kile kesho. Yaani utamu wote wa gemu ile umekaa juu ya msiba: umechelewa, na kuchelewa kwako hakuna dawa.

Age of Calamity ni chipukizi la gemu hiyo. Waliwachukua watu wa Zelda wakawapeleka kwenye aina nyingine kabisa ya gemu, ile ya Dynasty Warriors, ambamo mtu mmoja anafyeka maadui mamia kwa mkupuo. Ikatangazwa kuwa ni kisa cha miaka 100 nyuma. Mashabiki wakajiandaa kama mtu anayejiandaa kwenda mazishini: tunajua mwisho wake, lakini tunataka kuwapo. Badala yake kikatokea kiroboti kidogo kilichosafiri kutoka wakati mmoja hadi mwingine, historia ikageuzwa njia, mabingwa wakaokolewa, adui akapigwa. Wapo waliolia kwa furaha. Wapo waliosema tumetapeliwa.

Najua kuna atakayesema: jamani, si gemu tu hizo? Ni gemu, sawa. Lakini swali lililo chini yake si la kitoto. Kitu tunachokipenda wengi kwa pamoja ni cha nani? Ni cha aliyekibuni, cha aliyelipia, au cha aliyekibeba moyoni miaka yote? Na yule anayekichukua akakichanganya na kingine, anatudai nini na sisi tunamdai nini? Nataka kulijadili swali hili nikiwa hapa Dodoma, kwa sababu hapa tunayo kesi yetu ambayo uzito wake unazidi ule wa mabingwa wanne.

Lalamiko la kwanza la mashabiki huwa ni la asili: mmeharibu asili. Kiswahili kina methali yake kali, mwacha asili ni mtumwa, na ukiisikia unajiona umeshinda mjadala. Tatizo ni kuipata hiyo asili yenyewe. Chukua hiyo Dynasty Warriors iliyosemwa imeichafua Zelda. Ilianza 1997 kama gemu ya kupigana, ikiwa imetokana na gemu ya mikakati ya kampuni hiyohiyo ya Koei, Romance of the Three Kingdoms, ya 1985. Nayo imetokana na riwaya kuu ya Kichina ya jina hilo, ambayo kwa kawaida husemwa ni ya Luo Guanzhong, wa karne ya 14. Na riwaya hiyo ilichota kwenye historia iliyoandikwa na Chen Shou karne ya 3, pamoja na masimulizi ya wapiga hadithi na waigizaji waliokuja katikati. Sasa niambie, asili ni ipi hapo? Kila ngazi ni chipukizi la ngazi iliyo chini yake, na kila moja ilikuwa na wazee wake waliotikisa kichwa.

Twende karibu zaidi. Jina la mji huu lina visa viwili vinavyojulikana. Kimoja kinasema tembo alikuja kunywa maji akazama topeni, watu wakasema kwa Kigogo kwamba amedidimia, idodomya, na jina likabaki. Cha pili kinasema Wagogo waliiba ng'ombe wa Wahehe, wakawala, kisha wakaichomeka mikia kwenye matope. Wenye ng'ombe walipokuja kudai wakaonyeshwa mikia: poleni sana, wamedidimia. Mimi binafsi nakipenda cha pili, kina ujanja na kina aibu kidogo, na mji unaokubali kucheka asili yake ni mji wa kukaa. Sijawahi kusikia watu wakishikana mashati kwa sababu ya visa hivi. Vinasimuliwa vyote, pengine na mzee mmoja katika jioni moja. Masimulizi ya mdomo hayana ofisi ya kugonga muhuri kwamba hiki ndicho cha kweli na hiki cha pembeni. Muhuri umeletwa na biashara, pale hadithi ilipokuwa mali ya kampuni.

Kwa hiyo lalamiko la asili, peke yake, halisimami vizuri. Kuna la pili ambalo naliona na nguvu: ahadi.

Wengi wetu tuliolelewa kwa ngano tunajua mlango wake. Msimulizi anasema hadithi, hadithi. Wasikilizaji wanajibu hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Ni maneno machache, lakini ni mkataba. Msikilizaji anatoa ruhusa ya kudanganywa, tena anaukaribisha uongo kwa jina lake. Ila anaweka sharti: utamu ukolee. Uongo uliokaribishwa mlangoni si kosa la mtu. Kosa ni kumkaribisha mgeni huyu, akaingia mwingine.

Ukipima Age of Calamity kwa mkataba huo, naona mashabiki waliokasirika walikuwa na hoja. Waliahidiwa msiba, au angalau waliachwa waamini hivyo, wakauziwa harusi. Mtunzi ana haki ya kuandika harusi. Angeweza kusema tangu mwanzo kwamba hapa tunasimulia vinginevyo, na ni wachache wangenung'unika. Kuna dhuluma ndogo katika kumfanya mtu ajiandae kwa huzuni ukamlipa kwa shangwe. Huzuni ile ilikuwa kazi aliyoifanya yeye, kwa saa nyingi, kwenye magofu yale. Ukiwafufua wafu bila kumwambia, ni kama unamwambia machozi yake hayakuwa na sababu.

Lakini ona kwamba kinachodaiwa hapa ni ukweli kati ya msimulizi na msikilizaji. Hakidaiwi kifo cha mabingwa. Na shabiki anayetoka kwenye "mlinidanganya" akafika kwenye "mmeiua Zelda" ameruka mto mzima. Breath of the Wild ipo palepale. Ukiiwasha leo, Mipha bado amekufa. Hakuna chipukizi linaloweza kuingia ndani ya gemu ile na kubadilisha nukta moja.

Sasa nije kwenye kesi yetu. Hukwe Zawose alizaliwa kijiji cha Doduma, hapahapa Dodoma. Alikuwa Mgogo wa ilimba na zeze, mwenye sauti iliyoweza kushuka chini kabisa kifuani na kupanda ikawa kama ya mtoto. Baada ya Uhuru alichukuliwa kwenda Dar es Salaam katika kikundi cha ngoma cha taifa, baadaye akawa Bagamoyo, kwenye mji wa chuo cha sanaa. Mwaka 1996 ilitoka albamu yake Chibite, katika lebo ya Real World ya Mwingereza Peter Gabriel. Humo unasikia ilimba, zeze, njuga na sauti, basi. Kisha mwaka 2002 ikatoka Assembly, aliyoifanya na Mkanada Michael Brook, mpiga gitaa na mtayarishaji ambaye tayari alikuwa amefanya kazi ya namna hiyo na Nusrat Fateh Ali Khan wa Pakistani. Gitaa, mashine, midundo ya studio, na katikati yake Mgogo anaimba. Mwaka uliofuata Hukwe alifariki.

Hili nalo ni chipukizi la mchanganyiko, kama lile la Zelda. Na lalamiko linakuja kwa sura ileile: wameuchafua muziki wa Wagogo, wamemvisha mzee suti isiyo yake. Jibu la kwanza nalo linakuja kwa sura ileile: Hukwe mwenyewe alikuwa mchanganyaji. Aliipanua ilimba ikawa na vyuma vingi kuliko ile aliyoikuta, akaongeza nyuzi kwenye zeze, akaimba Kigogo na Kiswahili, akaitoa ngoma kwenye uwanja wa kijiji akaipandisha jukwaani mbele ya watu waliokaa kwenye viti. Hiyo "asili" tunayoililia ilikuwa tayari imepita mkononi mwa fundi.

Hata hivyo hapa siwezi kumalizia kirahisi kama kwa Zelda, na hii ndiyo sehemu inayoninyima usingizi kidogo. Zelda ikichipuka vibaya, mama yake yupo, ana afya, ana kampuni tajiri na mamilioni ya nakala. Muziki wa ilimba hauna ghala. Unakaa kwenye vidole na koo za watu, na kila mzee anayekwenda anaondoka na nakala. Kijana wa Nkuhungu au Chang'ombe anaweza kukua mpaka akaoa, na ilimba pekee aliyoisikia ni sekunde kumi ndani ya wimbo wa kampeni au tangazo la utalii. Hapo chipukizi halikai pembeni ya mti. Linakuwa ndilo mti, kwa sababu hakuna mwingine unaoonekana.

Nadhani hapo ndipo mpaka wa kimaadili ulipo. Kuchanganya kazi si dhambi na si fadhila. Kipimo ni hali ya kile kilichochanganywa: je, anayeonja mchanganyiko ana njia ya kurudi kwenye chanzo? Akiwa nayo, hasira ya shabiki ni suala la ladha na ahadi. Akiwa hana, mchanganyaji amebeba deni ambalo Nintendo halina. Anapaswa kuacha mlango wazi: kutaja majina, kulipa wenye kazi, kurekodi na ile isiyochanganywa. Kwa haki, katika kesi ya Hukwe, Chibite ilitangulia Assembly kwa lebo ileile. Anayetaka kurudi nyuma anayo njia. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 nayo haikuishia kwa mtunzi mmojammoja, imezigusa na sanaa za jadi. Lakini sheria inaweza kumzuia mtu kuchukua. Haiwezi kumlazimisha kijana kusikiliza.

Kuna jambo la mwisho ambalo wapenda asili hulisahau, nami lilinichukua muda kuliona thamani yake. Katika mfululizo wa Zelda, binti mfalme mwenye jina la gemu alikaa miongo akisubiri kuokolewa. Hyrule Warriors ya kwanza, ya 2014, chipukizi lililodharauliwa na wengi, lilimpa upanga na kumwacha mchezaji apigane akiwa yeye. Gemu ya mstari mkuu ambayo Zelda ndiye anayeibeba ilikuja 2024, Echoes of Wisdom. Kilichokuwa hakiwezekani ukumbini kiliwezekana kwanza barazani.

Mwaka huohuo wa 2024 ilitoka albamu iitwayo Maisha, ya The Zawose Queens: Pendo, binti wa Hukwe, na Leah, mjukuu wake. Katika familia ile wanawake walikuwa wa kuitikia. Ala kama ilimba na zeze zilikuwa za wanaume. Sasa wao wapo mbele, wanaimba na wanapiga, katika albamu ambayo nayo ina mikono ya studio za nje. Mlinzi mkali wa asili, akiwa mwaminifu kwa kanuni yake, ingembidi awarudishe nyuma wakaitikie. Mimi sina ujasiri huo, na sidhani ni ujasiri.

Kwa hiyo nani aliwapa ruhusa ya kuwafufua mabingwa? Hakuna, na haikuhitajika. Kilichohitajika ni kusema ukweli mlangoni, na shabiki aliyelalamikia hilo alilalamika kwa haki. Ila upendo wa shabiki nao una deni lake. Anayesema anaipenda Breath of the Wild aicheze tena, aipe mdogo wake aliyeko likizo. Na sisi wa huku juu, tunaotamba na Ugogo kwenye harusi na mikutano ya siasa, tunadaiwa kitu kigumu kuliko hasira: kukaa chini na kuisikiliza Chibite mpaka mwisho, na mtoto akiuliza ile sauti inatokana na nini, tuwe na jibu, na ikiwezekana tuwe na ilimba ndani ya nyumba.