Mzigo na Bega la Kijana

Richard Burton, aliyefika Kazeh, penye Tabora ya leo, mwaka 1857, aliandika kwamba watoto wa Kinyamwezi wa miaka sita au saba walibeba pembe ndogo begani. Upagazi ulikuwa kipimo cha uanaume. Lakini tuangalie: pembe ile ilikuwa ndogo, kwa kadiri ya bega.

Tangu 2016 hakuna ada katika shule za serikali hadi kidato cha nne. Hata hivyo sare, viatu na madaftari vingali vyanunuliwa. Kijana atafutaye kazi ya saa chache baada ya masomo ili ajinunulie daftari, hatumlaumu, twamheshimu.

Ila twauliza: ni nani apimaye mzigo? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 yamruhusu mtoto wa miaka 14 kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuilia masomo. Wako wasemao, "Mwenyewe amekubali." Jibu hilo halitoshi. Mwenye shida hukubali hata lisilo haki, na mwajiri aijua shida hiyo. Wahenga walinena kweli: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Basi, ewe uliyemwajiri mtoto wa mwenzio, jiulize kama ungempa mwanao kazi hiyo, kwa saa hizo na kwa ujira huo. Ukisita, umekwisha jua likupasalo: punguza mzigo, ongeza ujira, na kabla ya jua kutua umwache aende akasome.