Je, Aliyejeruhiwa Akidai Fidia Anapingana na Takdiri?

Katika mikoa ya Shinyanga na Geita liko neno moja ambalo husemwa mara tu ajali inapotokea barabarani, nalo ni hili: “Ni kazi ya Mungu.” Husemwa na wafiwa, husemwa na majirani, na aghalabu mtu wa kwanza kulisema ni yule mwenye lori. Sisi tunaoamini ya kwamba hakuna jambo lolote linalotokea nje ya elimu ya Mwenyezi Mungu hatuwezi kulikataa neno hilo lote. Hata hivyo yatupasa tuulize: neno hilo linatumiwa kwa kazi gani, na ni nani anayefaidika nalo?

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hupita Nzega, Tinde, Isaka na Kahama, kisha huendelea mpaka Rusumo. Juu yake hupita mchana na usiku malori ya mizigo ya Rwanda, Burundi na Kongo. Na njia ziendazo Geita huchukua mafuta, saruji na mitambo ya machimbo ya dhahabu. Kando ya magurudumu hayo makubwa wapo watoto waendao shule, mama mwenye ndoo kichwani, mikokoteni ya ng’ombe, baiskeli na pikipiki zilizopakia watu watatu. Usiku wa tarehe 8 Agosti, 2022, katika kijiji cha Mwakata wilayani Kahama, yaligongana lori, magari madogo na trekta, na watu wapatao 20 wakapoteza maisha yao. Nchi nzima ilihuzunika. Lakini wengi wanaogongwa hugongwa mmoja mmoja, wala habari zao hazifiki gazetini.

Baada ya ajali watu hutafuta sababu. Baadhi husema ni Mungu, na baadhi, wakiwa bado wamefungwa na mila za zamani, husema ni mchawi. Twajua jinsi nchi ya Usukuma ilivyomwaga damu ya bibi vizee kwa ajili ya macho mekundu tu, macho yaliyowekundika kwa moshi wa kuni na samadi! Ukiyatazama vizuri maneno haya mawili, utaona ya kwamba ingawa yanaonekana kuwa mbali sana, yanafanya kazi ile ile. Yote mawili huliacha huru gurudumu lililokwisha kashata. Yote mawili humwacha huru tajiri aliyemwamuru dereva wake aendeshe usiku wa pili bila kulala.

Qur’an Tukufu haikutufundisha hivyo. Imesema wazi ya kwamba misiba mingi inayotupata ni matokeo ya yale yaliyochumwa na mikono yetu wenyewe (42:31). Bedui mmoja alimwuliza Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w. kama amfunge ngamia wake au amwache na kumtegemea Mungu, naye akaelekezwa amfunge kwanza, ndipo ategemee. Seyidna Umar r.a. alipoambiwa kuna tauni katika Sham alirudi nyuma na jeshi lake. Na alipoulizwa kama anaikimbia takdiri ya Mungu, alijibu ya kwamba anatoka katika takdiri moja ya Mungu na kuingia katika takdiri nyingine ya Mungu. Basi breki mbovu ina takdiri yake, na breki nzima ina takdiri yake. Aliyechagua ile mbovu ili aokoe shilingi zake asije akamsingizia Mola wake.

Wako watakaosema: “Vyema, lakini dereva hakukusudia.” Ni kweli, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Qur’an Tukufu, katika sura ya Wanawake (4:93), inaeleza habari za muumini aliyemwua mwenzake kwa makosa bila ya kukusudia. Hakuambiwa aende zake kwa sababu hakukusudia. Aliwekewa toba kwa ajili ya nafsi yake, na dia kwa ajili ya jamaa za marehemu, isipokuwa jamaa hao wenyewe wakisamehe. Kwa hiyo kukosa nia kunaondoa kisasi, hakuondoi fidia. Nao mlango wa kusamehe umewekwa mkononi mwa aliyedhurika. Mwenye kudhuru hana ruhusa ya kuufungua kwa niaba yake.

Ndugu zetu waliotoka katika Ukristo huuliza: “Je, si bora kusamehe kuliko kwenda mahakamani?” Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, alilifafanua jambo hili katika hotuba yake mashuhuri iliyosomwa Lahore mwezi wa Desemba 1896. Torati ilisisitiza kulipa sawa kwa sawa, Injili ikasisitiza upole usio na kikomo, na Qur’an Tukufu imeruhusu malipo ya haki na kuusifu msamaha ule uletao masahihisho (42:41). Aya inayofuata inasema ya kwamba aliyedhulumiwa akiitetea haki yake hana lawama. Basi, msamaha unapompa tajiri moyo wa kuendelea kutumia lori lile lile bovu, umesahihisha nini? Mtu wa pili atakayegongwa atakuwa na haki ya kutuuliza.

Tena, msamaha una sharti moja ambalo watu hulisahau: mtu hawezi kusamehe deni asilolijua. Chukua mfano wa mchimbaji mdogo anayetoka machimboni kurudi kwake Katoro, akiwa abiria wa pikipiki, akagongwa na lori na kuvunjika paja. Siku ya tatu, maumivu yakiwa bado makali na mkewe akiwa hana nauli, anakuja mtu mpole mwenye bahasha na karatasi. Anasema pole, anasema ni kazi ya Mungu, anaomba dole gumba. Karatasi inasema ya kwamba mgonjwa ameridhika na hatadai tena kitu chochote. Watu wa kijijini husema, “Amesamehe.” La! Huyo hakusamehe. Ameuza kitu ambacho hakuna aliyemwambia bei yake, na mnunuzi alikuwa akiijua. Shughuli hiyo yaitwa kula mali ya watu kwa batili.

Basi ni wajibu tumwambie bei yake. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169 ya sheria za Tanzania, inamlazimisha kila mwenye gari litembealo barabarani awe na bima kwa ajili ya watu wengine watakaouawa au kujeruhiwa nalo. Mahakama ikikwisha kutoa hukumu, kampuni ya bima ndiyo inayowajibika kulipa, ilimradi ilijulishwa mapema juu ya kesi hiyo. Wengine huona haya, wakidhani wanawanyang’anya chakula watoto wa dereva maskini. Na hali mwenye lori amekwisha kutoa ada ya bima kwa jambo hilo hilo. Hata zamani za Mtume Mtukufu s.a.w. dia ya aliyeuawa bila kukusudiwa ilibebwa na jamaa za mkosaji kwa pamoja, ili mzigo usimvunje mtu mmoja.

Jambo la pili ambalo halijulikani ni hili. Dereva akishtakiwa na polisi na kutozwa faini, faini hiyo huingia katika hazina ya Serikali. Majeruhi hapati hata senti moja. Wengi hurudi nyumbani siku hiyo wakidhani ya kwamba kesi imekwisha, na kumbe kesi yao wenyewe haijaanza. Madai ya fidia ni shauri jingine, la madai, nalo hufunguliwa katika Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi dhidi ya dereva na mwenye gari pia, kwani bwana huwajibika kwa kosa la mtumishi wake alilolitenda kazini. Muda wake ni miaka 3 tangu siku ya ajali. Ukipita, haki haisikilizwi tena, hata mguu ukiwa umekatwa. Na utingo au dereva aliyeumia akiwa kazini ana mlango wake mwingine, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi.

Nani atamwongoza asiyejua kusoma? Sheria ya Msaada wa Kisheria, yaani Sheria Na. 1 ya 2017, imewatambua wasaidizi wa kisheria na kuweka utaratibu wa msaada wa bure kwa wasio na uwezo. Na tangu 2023 imeendeshwa Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia mikoani. Kumpeleka jirani kwa watu hao ni ibada kama kumpelekea uji hospitalini. Wala mtu asidhani ya kwamba dini na sheria ni vitu vinavyogombana: Sheikh Kaluta Amri Abedi, mubalighi wetu na mshairi, alikuwa Waziri wa Sheria wa Tanganyika mwaka 1963.

Lakini nisipokuambia upande wa pili nitakuwa nimekudanganya. Qur’an Tukufu imetuamuru tusimame imara katika uadilifu, tukitoa ushahidi hata kama ni dhidi ya nafsi zetu (4:136). Kama pikipiki haikuwa na taa, sema haikuwa na taa. Kama ulikuwa umelewa, sema. Usimlipe daktari aongeze jeraha, wala usimlete shahidi ambaye siku ile alikuwa mnadani. Mahakama huweza kupunguza fidia kwa kadiri ya kosa lako mwenyewe, na kupunguziwa huko ni halali yako. Nyongeza ya uongo ni moto unaoupeleka nyumbani kwa watoto wako.

Na akikwisha kuijua haki yake yote, akakaa na mkewe na wazee wake, akaona ya kwamba tajiri ametubu kweli, ameyatengeneza malori yake na kumlea majeruhi tangu siku ya kwanza, kisha akasema, “Nimekusamehe,” tutamshuhudia ya kwamba amesamehe. Ila kwanza karatasi ile isomwe kwa sauti, kwa Kiswahili au kwa Kisukuma, mbele ya mtu asiyelipwa na mwenye lori, kabla dole gumba halijatiwa wino.